Wasomaji Wanauliza: Ndege wa Maji, kutoka Majaruba ya Chumvi hadi Bwawa la Jangwani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na sababu yake inaeleweka. Kuanzia Agosti vitwitwi na sululu, ndege wa tope wanaosafiri mbali, hurudi kwenye tope na majaruba ya pwani ya kusini kutoka Urusi, Asia ya Kati na Uarabuni, na hukaa nasi hadi Aprili.

Nimekwenda Shangani mara tatu asubuhi na darubini ya kuazima. Kila mara naona vidoa vyeusi mbali kwenye tope, basi. Jirani yangu alikwenda jioni moja akarudi na orodha ya ndege kumi na wawili. Nakosea wapi?
*Muuguzi, Mtwara Mjini*

Tatizo ni maji, ndugu yetu. Maji yakipwa, ndege hawa hutawanyika juu ya tope lote kutafuta minyoo na kaa, wengine kilomita nzima kutoka uliposimama. Maji yakianza kujaa, tope linazidi kuwa finyu na wao wanasukumwa kuja upande wa nchi kavu. Kilele kikifika hukusanyika mahali pamoja kupumzika hadi tope litoke tena. Kwa hiyo ufike mapema, muda wa saa mbili na nusu kabla ya kilele, ukae, uwaache waje kwako.

Kukadiria kilele si kazi ngumu kwa mtu anayejua tarehe ya mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayopita ongeza dakika 50. Ukifika tarehe 8 ya mwezi wa Kiislamu, kilele kinaangukia karibu na saa nne asubuhi, na hayo ndiyo maji mafu. Hesabu hii inaweza kupishana na ukweli kwa nusu saa hivi, kwa hiyo kama safari ni ndefu tazama jedwali la maji la bandari.

Sasa utaona kwa nini jirani yako alibahatika. Asubuhi ya bamvua, saa tatu au saa nne, maji yako mbali kabisa. Isitoshe, pwani yetu kwa sehemu kubwa inatazama mashariki, hivyo asubuhi unatazamana na jua na kila ndege anakuwa kivuli cheusi tu. Jioni ya bamvua maji yanakuja na jua liko mgongoni mwako. Ukifika saa saba na nusu mchana kwa kilele cha saa kumi, utapata yote mawili.

Maji mafu usiyategemee kwa kazi hii. Hayafuniki tope lote, na ndege akibaki na mahali pa kula hana haja ya kukusogelea.

Mahali wanapopumzika ni pa aina tatu. Kuna mafungu ya mchanga yasiyofunikwa. Kuna mikoko, ambako sululu na baadhi ya vitwitwi hupanda matawini, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani ndege wa tope hatui mtini. Na kuna majaruba ya chumvi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo mahali bora pa mtu anayeanza, kwa sababu kingo zake zinakupa njia kavu ya kupita. Tafuta jaruba lile la mwanzo linalopokea maji ya bahari, lenye kina cha sentimita mbili hadi kumi. Humo kuna wadudu na ndege huendelea kula. Majaruba ya mwisho, yale ambayo chumvi imeanza kuganda, hayana chakula na ndege husimama humo kulala tu. Omba ruhusa kwa mwenye shamba au msimamizi kabla hujaingia, na usikanyage kingo mbichi. Kingo ikibomoka, kazi ya wiki kadhaa ya mtu mwingine inakwenda na maji.

Ukikaribia, watazame wao wenyewe. Ndege aliyetulia hukunja mguu mmoja, huficha mdomo mgongoni au huchambua manyoya. Wakiacha hayo ghafla, vichwa juu, wote wakitazama upande mmoja, umeshapita mpaka. Rudi hatua kumi na uchutame. Kundi likirushwa mara tatu nne katika kilele kimoja, linateketeza mafuta ambayo mwezi Machi na Aprili linayakusanya kwa ajili ya safari.

Nina uwezo wa kununua darubini moja tu. Nichukue 8x42 au 10x50? Na zile za mitaani zenye lenzi nyekundu zinafaa?
*Fundi simu, Masasi*

Zenye lenzi nyekundu ziache. Rangi ile inarudisha sehemu ya mwanga nje, na ndege unayemwona anakuwa na rangi ya uongo.

Tungechukua 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 8 unapata milimita 5 na kidogo, na huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni mwako. Ile 10x50 inakupa mwanga karibu uleule, lakini ni nzito zaidi na inakuza mtikisiko wa mikono pamoja na ndege. Upepo wa kusi ukivuma ufukweni, tofauti hiyo utaiona katika dakika ya kwanza.

Wengi hulaumu darubini kumbe hawajaipanga. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione maandishi ya mbali vizuri. Kisha funga la kushoto, na safari hii usiguse gurudumu la katikati. Zungusha pete ndogo iliyo kwenye bomba la kulia hadi maandishi yaleyale yawe safi. Weka alama pale pete ilipoishia, maana haitabadilika tena mpaka macho yako yabadilike. Kama unavaa miwani, zungusha vile vikombe vya mpira viingie ndani. Usipofanya hivyo utaona kitundu kidogo katikati ya giza.

Adui wa darubini Mtwara ni chumvi na unyevu. Puliza mchanga kwanza, kisha brashi laini, ndipo upitishe kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo. Anayeanza na kitambaa kikavu anasugua lenzi kwa mchanga. Nyumbani itunze ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, la sivyo kuvu litaota ndani ya kioo, na hilo halifutiki kwa nje.

Kwangu mimi vitwitwi wote wa kijivu ni mmoja. Wanafunzi wananiuliza majina nami natazama kitabu nazidi kupotea. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa sekondari, Lindi*

Mwalimu, shikamoo. Weka rangi pembeni. Tangu Septemba hadi Machi karibu wote huvaa kijivu juu na nyeupe chini, na picha nzuri za kitabuni mara nyingi ni za mavazi ya kuzalia ambayo huku tunayaona kwa wiki chache tu. Wafundishe wanafunzi kutazama mambo matatu kwa mpangilio huu: mdomo, mwendo, na kinachoonekana anaporuka.

Mdomo mrefu uliopinda kwenda chini kwa ndege mkubwa kama kuku mdogo, huyo ni sululu. Mdomo mwembamba uliopinda chini kidogo kwa ndege mdogo, na akiruka sehemu ya juu ya mkia inang'aa kwa weupe, ni *Calidris ferruginea*, anayezaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Huyu katikati ya Aprili anaweza kukuonyesha kifua chekundu kama tofali kabla hajaondoka. Mdomo uliopinda kwenda juu, miguu mifupi ya rangi ya chungwa na mwendo wa kukimbiakimbia kichwa chini kama anayefukuza kitu, ni *Xenus cinereus*. Huyo ukishamjua humsahau.

Anayekimbia, akasimama ghafla, akadonoa mara moja, kisha akakimbia tena, ana macho makubwa na mdomo mfupi. Anawinda kwa kuona. Anayetembea polepole akichoma tope bila kukoma kama cherehani anawinda kwa kugusa kwa ncha ya mdomo. Mgawanyo huu peke yake unakata kundi katika mafungu mawili. Katika hao wa kukimbia na kusimama, akiruka ukaona makwapa meusi, andika *Pluvialis squatarola* bila wasiwasi.

Kuna jozi moja itakayowasumbua, nao ni wale vitwitwi wawili wa mchanga, mkubwa na mdogo, wote wa kijivu na wenye mdomo mweusi. Pima kwa macho: urefu wa mdomo ukizidi umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, ni yule mkubwa. Ukipungua, mdogo. Wakiwa zaidi ya mita hamsini, au mazigazi ya mchana yakianza kucheza juu ya jaruba, andika "mmoja wa wawili" na uendelee. Daftari lenye mashaka yaliyoandikwa lina thamani kuliko lenye majina ya kubahatisha.

Mwisho, wapeleke wamwone mla kaa, *Dromas ardeola*. Mwili mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi unaoonekana mzito kuliko kichwa chenyewe. Husimama kimya, akapiga hatua tatu za haraka, akachoma. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hutikiswa na kupigwapigwa hadi miguu inyofoke, kisha kiwiliwili kinafuata. Mtazameni anayesimama kando, wa kijivu mgongoni, akiinama na kulialia: ni kinda aliyesafiri na mzazi wake na bado analishwa huku Afrika Mashariki, jambo adimu sana kwa ndege wa tope. Wamezaliwa kwenye visiwa na fukwe za jangwa kuzunguka Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani za jirani. Ndege hawa huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia.

Niliona kitwitwi Juni hapa Kilwa Masoko. Amepotea?
*Msomaji*

Hapana. Wengi wa mwaka wa kwanza hawajakomaa kuzaliana, kwa hiyo hubaki. Andika idadi yao. Wachache wa Juni na Julai wana habari nyingi, na wanaowahesabu si wengi.

Kitwitwi amenaswa kwenye wavu wangu akiwa na pete ya chuma mguuni. Amekufa. Pete nimeitunza, nifanye nini nayo?
*Mvuvi, Msangamkuu*

Umefanya vema kuitunza. Safisha pete kwa mswaki laini, kisha nakili kila herufi na kila tarakimu kama zilivyo, hata zile ndogo pembeni. Sehemu moja ni namba ya ndege huyo peke yake, nyingine ni anwani ya waliomvisha. Pete ya Urusi huwa na neno MOSKWA, ya Afrika Kusini SAFRING. Ongeza tarehe uliyomkuta, mahali, mguu upi, alikuwa mbichi au amekauka, na kwamba alinaswa na wavu. Neno hilo la mwisho usiliache kwa kuogopa lawama, maana bila sababu ya kifo taarifa ni nusu. Piga picha ya pete kutoka pande zote, tuma kwa anwani iliyoandikwa, nawe utajibiwa alivishwa wapi na lini.

Kosa la kawaida ni kusoma 6 kuwa 9, au kuacha sifuri ya mwanzo. Mpe mtu wa pili asome bila kuona ulichoandika.

Akinaswa tena akiwa hai, mfunike kichwa kwa kitambaa, atatulia. Mtoe kwa kuanzia upande alioingilia: miguu kwanza, kisha mabawa, kichwa mwisho. Akiwa na pete, isome akiwa mkononi na umwachie nayo. Na kumtega kwa makusudi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Binti yangu anafanya kazi Amman, nami nakwenda kumtembelea Februari. Nimesikia kuna bwawa katikati ya jangwa lenye ndege kama wa kwetu. Ni kweli, na mtu wa umri wangu anaweza kufika?
*Mama wa Lindi, miaka 61*

Shikamoo mama. Ni kweli, na utafika bila shida. Panaitwa Azraq, kiasi cha kilomita 100 mashariki ya Amman. Jina ni la Kiarabu, maana yake buluu. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 12, ilianzishwa 1978, na inasimamiwa na Shirika la Kifalme la Kuhifadhi Maumbile la Jordan. Ndani kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya maji, haina ngazi za kuchosha, na kibanda chenye matundu ya kuchungulia ambapo utakaa kitini.

Ukifika usishangae kuona maji ni machache kuliko sifa zake. Tarehe 2 Februari 1967 walihesabiwa ndege 347,000 mahali hapo. Kisha maji ya chini ya ardhi yakaanza kuvutwa kwa mabomba kwenda Amman, na wakulima nao wakachimba visima vyao, mpaka mwaka 1992 chemchemi zikakauka kabisa. Ardhi ya mboji iliyokauka ikashika moto. Tangu 1994 maji yamekuwa yakirudishwa kwa pampu, na lengo lilikuwa kurejesha kama sehemu moja ya kumi ya bwawa la zamani. Samaki mdogo asiyepatikana popote pengine duniani, anayeitwa *sirhani* kutokana na bonde la Wadi Sirhan, aliponea chupuchupu. Nyati wa maji utakaowaona wana kazi: wanakula na kukanyaga matete, kwani yakiachwa hufunika maji yote na bata hawana pa kutua.

Kwa nini ndege wakapitie huko? Tazama uzito. Kitwitwi mdogo kabisa ana gramu 25 hivi, chini ya yai la kuku kwa zaidi ya nusu. Akivuka jangwa hapati tone la chakula, na mafuta aliyobeba yana mwisho. Bwawa moja lenye wadudu humpa siku chache za kunenepa tena. Februari utakuta hasa bata wa baridi na mwewe wa matete wakipita chini juu ya majani. Vitwitwi wanaorudi kaskazini huongezeka Machi na Aprili, kwa hiyo ukiweza kusogeza safari hadi katikati ya Machi, tungekushauri hivyo.

Huko hakuna kupwa na kujaa, sheria ni ya mwanga. Uwe ndani ya kibanda mara geti linapofunguliwa, au saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama. Mchana ndege wa matete hunyamaza. Kaa dakika ishirini bila kunyoosha mkono nje ya tundu, kwani mkono mmoja unatosha kumwaga bata wote. Tega sikio pia: katika matete utasikia watano kabla ya kumwona mmoja. Chukua koti zito na soksi, maana usiku wa jangwani Februari unaweza kukaribia nyuzi sifuri na asubuhi inabaki na baridi hiyo. Kama mtalala hukohuko, shirika lina nyumba ya wageni iliyokuwa hospitali ya jeshi la Waingereza miaka ya 1940.

Sisi ni vijana wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Tunataka kuhesabu ndege kila mwezi, lakini kundi likiwa kubwa kila mtu anakuja na namba yake. Mmoja alisema 300, mwingine 900.
*Kikundi cha vijana, Msimbati*

Hifadhi yenu ina kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja, kwa hiyo msijaribu kuimaliza. Chagueni sehemu mbili za kupumzikia ndege na mrudi hizohizo kila mwezi, bamvua ileile, saa ileile ya maji. Toeni taarifa kwanza ofisi ya hifadhi.

Tofauti ya 300 na 900 ni ya kawaida, na anayekosea zaidi ni kawaida yule wa namba ndogo, kwa sababu ndege wadogo hujificha nyuma ya miguu ya wakubwa. Fanyeni zoezi la nyumbani. Mmoja amwage korosho ghafi kwenye mkeka, wengine watazame sekunde tano, waandike kadirio, kisha zihesabiwe. Anzeni na 40, pandeni hadi 500. Baada ya jioni nne tano macho huzoea.

Uwanjani hesabuni kwanza ndege kumi, mmoja mmoja. Jazeni macho kwa ukubwa wa kumi hao, kisha pimeni kundi kwa vipande vya kumi kutoka kushoto kwenda kulia. Likizidi mia tano, tumieni vipande vya hamsini. Ndege wamebanana katikati na wametawanyika pembeni, kwa hiyo msichukue kipande cha pembeni mkakizidisha, hapo ndipo 900 inageuka 300. Watu wawili wahesabu kimyakimya, kila mmoja mara mbili, na namba zisitajwe mpaka zote zimeandikwa. Zikipishana kwa zaidi ya moja ya tano, rudieni. Hesabuni wote kwanza, kisha aina. Mkianza na aina, kundi litaruka kabla hamjamaliza.

Kwenye karatasi kuwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya maji, upepo, na kilichowarusha kama waliruka: mbwa, mwewe, mashua, au ninyi wenyewe. Mkikuta hakuna ndege, andikeni sifuri na saa. Karatasi isiyoandikwa haionyeshi kama mlikwenda.

Hesabu ya ndege wa maji inayoratibiwa na Wetlands International, shirika la kimataifa la ardhi oevu, hufanyika Januari, na kwa Afrika wengine huhesabu Julai pia. Mkiwa na miezi mitatu ya mazoezi, karatasi zenu za Januari zipelekeni kwa Nature Tanzania, shirika la uhifadhi la hapa nchini. Chagueni siku mbili baada ya mwezi mpevu wa Januari, mfike saa tisa alasiri. Anayeshika kalamu asishike darubini.